Mapigo Mia na Ishirini na Nane

Chuoni walimbandika mwanafunzi huyu wa uuguzi jina la Niko-Sawa, na jina hilo alilitafuta mwenyewe. Umkute macho mekundu, umuulize vipi, atakujibu, "Niko sawa." Kaangusha trei ya dawa mbele ya daktari? Yuko sawa. Wiki tatu nzima alikuwa akilala saa tatu tu kwa usiku, akiishi kwa chai, akisoma vitabu vya uuguzi mpaka herufi zikaanza kumchezea. Mama yake, fundi cherehani, akipiga simu anaambiwa neno lilo hilo. Sawa kitu gani! Mtu nywele zinabaki kwenye kitana, eti sawa.

Ukweli ni kwamba maji yalikuwa yamemfika shingoni. Mtihani wa vitendo alikwisha kuufeli mara moja. Akiufeli tena, hakuna kurudia mwaka wala kubembelezana. Anafungasha mizigo, anakwenda kushona vifungo kwa mama yake.

Siku ya mtihani alijikaza kisabuni akaingia wodini. Kitandani alilala babu mmoja, dereva wa lori aliyestaafu, goti limemlaza. Pembeni alisimama mkufunzi, mama mkavu asiyecheka hata umtekenye, saa mkononi.

"Dakika kumi. Joto, mapigo ya moyo, pumzi. Ukishatia sahihi kwenye fomu, basi. Anza."

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Usiniue tu."

Niko-Sawa alicheka kwa meno, roho ikiwa mkononi. Akamwekea kipimajoto kwapani, akamshika kifundo cha mkono, akakodolea saa yake dakika nzima. Mapigo aliyasikia waziwazi, tena ya kasi. Mia na ishirini na nane. Akaandika. Kisha akaisoma ile namba na jasho jembamba likamtoka. Mungu wangu, huyu babu anakufa! Akarudi kumshika mkono, mdomo wazi, tayari kumwita daktari.

"Mjukuu wangu," babu akasema taratibu, "hicho kidole chako kinanidunda hapa kama injini mbovu. Kina nini?"

Akatazama. Alikuwa amemshika kwa kidole gumba.

Wenzangu, hilo ni somo la wiki ya kwanza kabisa! Gumba lina mshipa wake unaopiga. Ukimpima mgonjwa kwa gumba, unaweza kujihesabu mwenyewe. Ukiacha goti, babu alikuwa mzima wa afya. Moyo uliokwenda mbio pale ulikuwa wa muuguzi.

Mkufunzi alikwisha kuona, akarudisha macho kwenye saa yake kama hajaona kitu. Kalamu ilikuwa vidoleni mwa Niko-Sawa. Angekata akaandika sabini na kitu, nani angejua? Shetani alimnong'oneza hivyo, na alimsikiliza kidogo, tusidanganyane.

"Mwalimu," akasema, "nimekosea. Nimetumia gumba. Haya mapigo ni yangu."

"Zimebaki dakika nne."

Akanyoosha vidole viwili kumshika babu upya. Vilitetemeka hata babu akavionea huruma. Kwa mikono ile asingehesabu kitu.

"Mwalimu, siko sawa. Naomba nikae kidogo."

"Muda ni wako. Ukiisha, umeisha."

Akakaa. Fikiria, dakika nne zimebaki na mtu anakaa kitako! Akakanyaga sakafu kwa miguu yote miwili, akavuta pumzi polepole, akaitoa polepole zaidi, huku saa ikila muda wake. Babu naye, sijui kwa kumsaidia au kwa woga, akawa anavuta pumzi pamoja naye. Dakika moja ikaenda hivyo, na ilikuwa ndefu kuliko wiki zote tatu.

Kisha akainuka, vidole viwili, dakika nzima. Sabini na mbili. Akahesabu pumzi, akasoma joto, akasahihisha, akatia sahihi. Sekunde ishirini zilikuwa zimebaki.

Mkufunzi aliichukua fomu, akaipitia mstari kwa mstari. "Umefaulu." Akaweka kidole chake juu ya ile namba iliyokatwa. "Na huyu wa mia na ishirini na nane, anatibiwa na nani?"

Niko-Sawa akatoka hadi koridoni, akampigia mama yake. Cherehani ilikuwa inanguruma huko.

"Mwanangu! Vipi, umefaulu?"

"Nimefaulu, mama."

"Alhamdulillahi! Na wewe mwenyewe, uko sawa?"

Neno lilikuwa tayari mdomoni, limezoea njia. Akalimeza.

"Hapana, mama," akasema, na kilio kikamtoka.

Kule upande wa pili, cherehani ikanyamaza.