Fungu la Asiyekuwepo

"Na langu huwa linaliwa na nani?"

Kaka yangu aliniuliza hivyo akiwa ameshika uma, mbele ya sahani ya nyama ya ng'ombe ambayo bado ilikuwa inatoa damu, katika mkahawa mmoja wa London ambao hata mlango wake ulikuwa na mtu wa kuufungua. Nilitamka jambo la kijinga, ambalo nitalifikia. Kwanza nieleze tulivyofika pale, maana mimi sikutaka kwenda.

Kazi ilikuwa imenipeleka Uingereza kwa kozi fupi. Watu ambao shamba wamelionea kwenye picha walikuwa wanatufundisha namna ya kuwahoji wakulima. Kabla sijaondoka, mama alinifuata mpaka barabarani kwetu, huko juu ya mji wa Embu majani chai yanakoanzia, akanipa ujumbe wa kumpelekea kaka yangu. Haukuwa salamu. Lilikuwa swali moja: atakuja Desemba hii au hatakuja?

Kulikuwa na sababu. Kila Krismasi majirani zetu huchanga pesa wakanunua fahali mmoja, wakamchinja pamoja na kumgawana. Nyama hupangwa kwa mafungu juu ya majani ya mgomba, na kila fungu lina kidogo cha kila kitu: mnofu, mfupa, mafuta, matumbo, kipande cha ini. Kaka yangu alijiunga na wachangaji hao alipopata mshahara wake wa kwanza. Kisha akaenda ng'ambo na hakurudi, wala kwa mazishi ya babu wala kwa harusi ya dada yetu. Baba aliendelea kumchangia. Kila Krismasi fungu la kaka lilikuwa hapo juu ya jani lake, na kila Krismasi mimi niliuliza kwa nini tunamlipia nyama mtu anayekula kwingine. Nilijibiwa nikachote maji.

Lakini mwaka huo baba mwenyewe alikuwa amechoka. "Akisema haji, namtoa," alisema. "Sitakuwa mzee wa kuchekwa kwa sababu ya nyama." Alisema hivyo mbele ya watu, na baba akisema mbele ya watu habadilishi. Mama hakubishana naye. Alingoja hadi tukafika barabarani, akanishika mkono na kusema, "Muulize vizuri. Usimuulize kama polisi."

Basi nilikuwa nimebeba swali hilo kaka yangu aliponipigia simu na kusema anataka kunilisha nyama ya maana.

"Nyama ya maana iko Embu," nilimwambia.

"Hiyo ni ya kutafuna, msomi. Hii ni ya kula."

Alinipokea nje amevaa koti jeusi na tai. Sikuwahi kumwona na tai, hata siku aliyosafiri. Mlinda mlango alituinamia. Ndani kulikuwa na mbao nyeusi kila mahali, mazulia ya kumeza hatua, na ukutani picha kubwa za ng'ombe waliochorwa kwa heshima ambayo kwetu hupewa marais. Nikawaza: mtu anamchora mnyama namna hii halafu anakaa chini ya picha na kumla? Sisi tunachinja, tunakula, na hatuweki kumbukumbu.

Menyu ililetwa ikiwa na jalada la ngozi. Niliisoma yote kwa sababu nina ugonjwa wa kusoma kila kitu. Ng'ombe wa nyumba hiyo alikuwa na wasifu mrefu kuliko wangu. Iliandikwa alizaliwa kwenye milima gani, alikula nyasi gani, na nyama yake ilitundikwa muda gani ili ikomae. Kwetu nyama ikitundikwa muda huo, afisa wa afya anafunga bucha.

"Kwa nini wanatuambia haya yote?" niliuliza.

"Ili ujue unakula nini."

"Ninajua ninakula nini. Ng'ombe. Wanatuambia ili bei isituume."

Kaka alicheka kidogo huku akiangalia meza za jirani, kama mtu aliyekuja na mtoto anayeongea kanisani. Meza zenyewe zilijaa wazee wenye nyuso nyekundu waliokuwa wanatafuna polepole bila kusemezana. Hakuna aliyekuwa na furaha. Ilikuwa kama wote wamelazwa hapo na daktari akawaandikia nyama.

Kisha toroli likaja. Lilisukumwa na mwanamume mnene mwenye kofia ndefu nyeupe, na juu yake palikuwa na mfuniko wa fedha mkubwa kama sufuria ya harusi. Aliufunua taratibu, na watu wa meza ya pembeni wakageuza shingo. Chini ya mfuniko huo wote kulikuwa na pande moja la nyama ya mgongo. Hapakuwa na kichwa wala miguu, matumbo wala ini. Nilimuuliza mkataji, kwa Kiingereza changu bora, sehemu nyingine za huyu ng'ombe ziko wapi. Alitabasamu kama watu wanavyomtabasamia mgonjwa, akaniuliza ninapenda nyama yangu iweje.

"Iliyoiva," nilisema.

Aliangalia kisu chake. "Sisi hupendekeza ya waridi katikati, madam."

"Mimi hupendekeza iliyoiva."

"Mletee ya ukingoni, iliyoiva," kaka aliingilia haraka, sauti yake ikiwa ya kuomba radhi, na hapo ndipo nilipomdharau kweli. Mtu huyu ndiye aliyekuwa anakaa na wanaume kwenye moto akikataa nyama ambayo haijakauka, akisema hawezi kula kitu kinachoweza kuamka. Sasa alikuwa anaomba msamaha kwa niaba yangu kwa sababu sitaki damu. Yeye mwenyewe alikatiwa vipande vyembamba vyekundu, na mkataji akavilaza kwenye sahani kama anavyolazwa mtoto. Tukawekewa viazi, na mkate fulani uliofura kama andazi ambao nilipoudunga nikakuta ndani hamna kitu, na mchuzi mweupe wa mzizi fulani uliopanda puani na kunitoa machozi. Kaka alinipa kitambaa.

"Taratibu, msomi."

"Hii ni dawa ya mafua. Na chumvi iko wapi? Sioni chumvi."

"Usiombe chumvi hapa. Wataona unamtusi mpishi."

"Kwani mpishi ni nani yako?"

Alikata kipande akaanza kukitafuna. Niliona ni wakati mzuri wa kumuuliza swali la mama, nikamuuliza kama polisi.

"Unakuja Desemba au huji? Ukisema huji, mzee anakutoa kwenye ng'ombe."

Aliacha kutafuna. Nilimweleza alivyosema baba, mbele ya nani, na kwamba safari hii haukuwa mzaha. Alisikiliza akiangalia sahani. Nilitegemea aseme habari za makaratasi, au za kazi, au za nauli, na kila moja nilikuwa nimeiandalia jibu. Badala yake akachukua kisu na uma na kuanza kuigawa nyama yake.

Mwanzoni nilidhani anaikata ili aile. Kisha nikaona anapanga. Alitenga mnofu, akaweka kipande cha mafuta juu ya kila fungu, akalitazama moja, akaona ni dogo, akaliongezea ukingo uliokauka. Akalisogeza jingine, akainamisha kichwa upande, akalipunguza. Nililijua jicho hilo. Kabla hajaondoka yeye ndiye aliyekuwa anapanga mafungu ya Krismasi, kijana kati ya wazee, kwa sababu walisema jicho lake halina upendeleo. Nadhani hakujua anafanya hivyo. Alikuwa amevaa tai, chini ya picha ya fahali, na anagawa ng'ombe wa Embu kwenye sahani ya watu.

"Unamgawia nani?" niliuliza.

Alishtuka. Kisha akatabasamu kwa mara ya kwanza jioni hiyo bila kuangalia meza za jirani. "Geuka," alisema.

"Nini?"

"Geuka. Au umesahau?"

Sikuwa nimesahau. Kwetu mafungu yakishapangwa, mtu mmoja hugeuka na kuwapa wenzake mgongo. Mwingine hugusa fungu na kuuliza la nani, na aliyegeuka hutaja mtu bila kuona, ili asiwepo wa kulalamika. Huwa wanalalamika hata hivyo. Nimeona wanaume wazima, wazee wa kanisa, wakinuniana hadi Pasaka kwa ajili ya ini. Siisifu desturi hiyo kuliko inavyostahili. Lakini niligeuza uso nikatazama dirisha.

"Hili la nani?"

"La mzee."

"Mwenyewe atasema ni mfupa mtupu. Na hili?"

"La mama."

"Na hili?"

"Langu. Siku hizi hata mimi nachanga."

"Kasichana kanachanga. Dunia imeisha. Na hili?"

"Lako," nilisema, na kwa sababu nilikuwa bado na hasira nikaongeza, "la asiyekuwepo."

Nilipogeuka nilimkuta ameushika uma juu ya fungu lile la mwisho, hajaligusa.

"Na langu huwa linaliwa na nani?"

Nilifungua mdomo kumjibu na nikagundua kwamba sijui. Mimi ambaye nahoji kila kitu, niliyeuliza kila mwaka kwa nini fungu hilo linalipiwa, sikuwahi kuuliza linakwenda wapi. Niliiona nyama ya nyumbani ikipikwa, yetu, kwenye sufuria yetu. La kaka lilifungwa kwenye jani lake na mama akaliweka kando. Kesho yake alfajiri mama huteremka soko la Kiritiri, huko chini kwenye joto, kutafuta ndengu, yaani choroko, za kuuza kabla bei haijapanda, kiondo kizito mgongoni, maana hata sikukuu haiwezi kumkalisha. Sisi wengine hulala. Tukiamka, jani halipo.

"Labda mbwa," nilisema.

Nilitaka acheke au akasirike. Hakufanya lolote kati ya hayo. Alinitazama kwa muda kama anayetaka kujua kama ninamficha jambo, na alipoona simfichi akauteremsha uma.

"Mwambie mzee ninakuja."

"Desemba hii?"

"Desemba hii. Asinitoe."

"Umekata tiketi?"

"Mwambie ninakuja."

Nilijua ni uongo. Mtu anayekuja nyumbani huuliza alete nini, huuliza kama barabara imewekwa lami, na kama fulani bado yuko hai. Yeye hakuuliza chochote isipokuwa nyama. Nilimwona kama mtoto asiyetaka kurudi nyumbani lakini anataka sahani yake ifunikwe. Mkataji alirudi na toroli lake kuuliza kama tuongezewe, na kaka akamwambia kila kitu kilikuwa kizuri sana, sana, huku mafungu yake yakiwa hapo yamepoa, hayajaguswa. Mhudumu aliyaondoa yote kwa mara moja na kuyamwaga pamoja kwenye sahani moja chafu. Kaka alifuata mkono wake kwa macho mpaka mlango wa jikoni ukafungwa.

Niliondoka na njaa. Karibu na kituo cha treni nilinunua viazi vya kukaanga kwenye karatasi, nikavitia chumvi hadi muuzaji akanitazama.

Nyumbani nilitoa ripoti kama ilivyo. Nilisema amesema anakuja, na nikaongeza kwamba mimi siamini. Baba alisikia sehemu ya kwanza tu. Mama alisikia zote mbili, akasema, "Basi ni sawa," na akarudi kuchambua ndengu, na utulivu wake uliniudhi kuliko uongo wa kaka. Nilimuuliza ni sawa vipi. Alisema fungu limebaki.

Kaka hakuja Desemba ile. Alipiga simu akasema mwakani, na baba, ambaye alikuwa ameshatangaza kwamba kijana wake yuko njiani, akachanga tena ili asiaibike. Mwaka uliofuata ukawa hivyo hivyo. Nilisema wazi kwamba tunachezewa. Wakati huo nilikuwa nimehamia Meru kikazi na nilirudi tu sikukuu, nikala, nikabishana, nikaondoka.

Miaka imepita. Krismasi moja magoti ya mama yalikataa kabisa. Alfajiri ya siku ya pili aliniamsha, akaniwekea kiondo mlangoni, juu yake jani la mgomba, akanielekeza nyumba moja Kiritiri, nyuma ya soko la mbuzi, mlango wa buluu. Nilimuuliza ni ya nani. Alisema nipeleke kwanza, majibu nitayakuta huko. Nilikasirika njia nzima kushuka kwenye joto lile, nikidhani ni rafiki yake wa ndengu anayepewa nyama ya baba.

Aliyefungua mlango alikuwa msichana mrefu aliyevaa sketi ya shule ya sekondari. Alichungulia nyuma yangu na kuuliza, "Cucu hajakuja leo?", jina tunalomwita nyanya kwetu. Kisha akapokea kiondo, akafunua jani juu ya meza, akaanza kuitenga nyama, mnofu huku, mafuta huku, akainamisha kichwa upande, akapunguza fungu moja na kuongeza jingine. Mama yake alitoka chumbani akifunga leso, akanitazama usoni mara moja tu, akasema nikae.

Fungu la kaka yangu lilikuwa linaliwa na binti yake, aliyezaliwa mwaka aliosafiri, na kila Krismasi lilimfikia bila kukosa.