Sweta ya Cucu na Shingo ya Mdogo Wangu

Likizo ile ya Agosti nilirudi nyumbani Kiirua nikamkuta mdogo wangu wa miezi mitano amejaa vipele. Shingoni, kwapani, kifuani, vyekundu vidogo vidogo kama punje za mtama. Analia akinyonya, analia akibebwa, na akipata usingizi kidogo anashtuka na kujisugua uso kwenye bega la mama. Mama mwenyewe macho yalikuwa yamezama.

Nikadhani ni ugonjwa. Mama akatazama mlango kwanza, kisha akaninong'oneza, "Si ugonjwa. Ni sweta."

Sweta ilikuwa kazi ya cucu, mama yake baba. Alimkata kondoo wake manyoya, akayasokota mwenyewe, akafuma sweta na kofia, zote rangi ya yule kondoo, na ukizinusa kwa karibu, harufu pia ni ya yule kondoo. Kule dispensari walimwambia mama wazi kabisa: mtoto ana harara kwa sababu ya joto, na sufu inamkwaruza. Avae pamba, aogeshwe maji ya vuguvugu, ngozi ikauke vizuri. Wakampa na losheni ya rangi ya waridi. Mama akarudi nyumbani, akampaka losheni, halafu akamvisha sweta juu yake.

Usimcheke mama yangu. Mtoto alikuwa amepewa jina la cucu, na kwetu Meru mtoto akichukua jina lako, huyo si ukumbusho tu. Huyo ni wewe. Cucu hakumwita mtoto kwa jina hata siku moja, alimwita "mimi". Asubuhi alisimama mlangoni na fimbo yake akauliza, "Nimeamkaje leo?" na mama akajibu, "Umeamka vizuri, mama," hata kama usiku kucha nyumba haikulala. Sasa, cucu alikuwa mtu wa kusikia baridi mwaka mzima. Upepo wa mlimani ulimwingia mifupani hata jua likiwaka. Kwa hiyo mtoto naye alisikia baridi. Mambo yakaishia hapo. Kumvua mtoto ile sweta ni kama kumvua cucu mwenyewe barazani, tena avuliwe na mke wa mwanawe!

"Wewe ndiye utamwambia," mama akaniambia. "Mjukuu humtania cucu, na hakuna anayekasirika."

Mimi! Mimi ambaye darasani nalijua jibu na mkono haunyanyuki. Mwalimu akiuliza maswali macho yake hunipita kama dawati tupu. Lakini nilimtazama mdogo wangu akijikunja mgongoni kwa mama, shingo imemwiva, nikaenda.

Cucu alikuwa nyuma ya ghala, ameketi juu ya gunia, anachambua maharagwe juani. Nikakaa, nikaanza kuchambua naye. Nikachambua hata yale aliyokwisha kuchambua.

"Umetumwa," akasema bila kuinua macho.

"Hapana, cucu."

"Basi umeachwa na mvulana."

"Cucu!"

"Aa, kumbe sauti unayo. Sema sasa."

Nilikuwa nimejipangia maneno mazuri ya heshima, yote yakanikimbia. Nikasema tu, "Cucu, unawashwa."

"Mimi?"

"Wewe mdogo. Unawashwa shingoni na kifuani. Hulali. Unamchosha mama."

Akaacha maharagwe. "Ninawashwa na nini?"

"Na sweta."

Kuku mmoja alipita kati yetu na nilimwonea wivu, maana yeye alikuwa anaenda mahali pengine.

"Sufu haiwashi," cucu akasema. "Mimi nimevaa sufu kabla baba yako hajazaliwa."

"Juu ya blauzi, cucu. Mtoto ameivaa kwenye ngozi."

Akakung'uta mikono. "Kofia iko wapi?" Nilikimbia ndani nikamletea ile kofia. Akaikunjua, akaitumbukiza ndani ya blauzi, ikakaa pale kifuani kwenye ngozi, akafunga kifungo na kurudia maharagwe yake kama mtu aliyeshinda kesi. "Sasa tuone nani mwongo. Mimi au mimi."

Ingeweza kuishia hapo, kwa sababu cucu ni mbishi, angevumilia hadi jioni. Lakini ndipo mzee wa kanisa alipopita kusalimia. Na mzee huyo hakuwahi kuondoka bomani kwa mtu bila kuomba, na hakuwahi kuomba kwa ufupi. Tukasimama, tukafumba macho. Mimi nikafumba moja.

Aliombea mvua. Aliombea viazi. Aliombea serikali na wanafunzi walio likizoni. Jua lilikuwa la utosini, na cucu alianza kuzungusha bega moja taratibu. Mzee akaingia kwa wagonjwa. Cucu akazungusha mabega yote mawili. Mwanamke wa heshima, mbele ya mzee wa kanisa, hawezi kutia mkono kifuani, hata kama kuna siafu.

"Na uwakumbuke, Baba, wote wanaoteseka kimyakimya..."

"Amina!" cucu akapaza sauti.

Mzee akafikiri cucu ameguswa, akaongeza moto. Cucu akasema amina mara nyingine, akikanyaga chini. Mimi nilikuwa nimejiuma mdomo mpaka machozi yananitoka, na mzee alipomaliza akanishika kichwa akaniambia nina moyo laini.

Mzee alipotoweka tu njiani, cucu aliichomoa ile kofia na kuitupa. Kuku wakatawanyika. Alijikuna kwa mikono miwili huku akicheka hadi akakohoa. "Woi! Huyu mwanamke amenifumia miiba!"

Akaenda moja kwa moja nyumbani kwetu, mimi nyuma yake. Mama aliposikia fimbo mlangoni akasimama.

"Nivue," cucu akamwambia.

Mama hakusogea. Cucu akamchukua mtoto mwenyewe, akamvua sweta. Alipoiona ile shingo aliacha kucheka. Akaipuliza polepole, kama mtu anayepoza uji.

"Hospitali walisema nini?"

"Walisema ni sufu, mama," mama akajibu akiangalia sakafu.

"Na ukanyamaza?"

"Ungekasirika."

"Ningekasirika," cucu akakubali. "Halafu ningekula, ningelala, na kesho ningemvua. Lete maji."

Tulimwogesha kwa maji ya vuguvugu bila sabuni, tukamkausha kwa leso iliyozeeka ikawa laini, tukigusagusa bila kusugua, hadi ndani ya mikunjo ya shingo. Mama alipaka losheni. Cucu akakata shuka kuukuu la pamba, akamshonea kijivesti pale pale, mishono ikiwa nje ili isimguse. Mtoto alirusha miguu hewani, akashangaa mkono wake mwenyewe, halafu akalala. Mchana mweupe, bila kubembelezwa. Vipele vilichukua siku kadhaa kuisha, lakini nyumba yetu ilipona mchana ule.

Mimi nilishindwa kujizuia. Nikaanza kumsimulia mama yale maombi, mabega na amina zote, nikiigiza, na mama akicheka ameziba mdomo kwa kanga. Sijawahi kuongea hivyo maishani mwangu. Cucu, aliyekuwa ameketi kando ya kitanda, akatugeukia kwa ukali.

"Shh! Hamwoni nimelala?"

Tukatoka nje kwa vidole vya miguu, tukaenda kumenya viazi.