Chuma Jichoni

Mgongo ulikuwa umenigomea, daktari akaniandikia kipimo cha MRI. Dada wa mapokezi akanipa fomu: una chuma mwilini? Shule niliacha kidato cha pili, ila kusoma "chuma" najua. Nikajaza hapana haraka haraka, yaishe.

Nikakaa kwenye benchi, nikasimama, nikakaa tena. Ile mashine ilikuwa inagonga ndani kama karakana yetu ya Ngarenaro.

"Dada, kwani humo kuna nyundo?"

"Ni sumaku, kaka. Kubwa kweli. Wewe unafanya kazi gani?"

"Nachomelea mageti."

Akaniangalia vizuri. "Chuma hakijawahi kukurukia jichoni?"

"Mbona kila wiki! Mwenzangu ananitolea kwa sumaku ya spika."

Hakucheka. "Kikiwa kimebaki kipande humo, hii sumaku itakivuta. Utatoka na jicho moja."

Akachukua fomu yangu, akanipeleka eksirei kwanza. Eksirei haivuti kitu, inapiga picha tu, na chuma kinatokea cheupe. Kusubiri picha nilizunguka korido nzima, nafumba jicho moja moja kuhakikisha bado nayaona mambo.

Mtaalamu wa eksirei akanionyesha: jicho la kushoto, kinukta cheupe kama punje ya chumvi.

"Miwani ya kazi huvai?"

"Navaa. Kichwani."

MRI ikafutwa, nikaandikiwa daktari wa macho. Mgongo wakaupima kwa CT scan, ambayo nayo ni eksirei, ila inakuzunguka. Wakaniambia haina sumaku. Nikalala humo nimefunika jicho la kushoto kwa kiganja hadi mwisho.