Tanboi Alipokataa Panya

Wenzangu tuliokulia Malaba, tukaoga mtoni na kukaushwa na jua, mnamkumbuka nyoka wa shangazi Amoit? Msiniambie mmesahau! Mimi hadi leo nikimtaja mikono inanisisimka, na hapa ninavyoandika ninacheka peke yangu. Mtu akipita dirishani atasema nimerukwa na akili.

Wakati huo tukitoka shule hatukuulizana tutafanya nini. Wasichana tuliruka bladda, ile kamba ya mpira, mpaka mapindo ya sketi yakafumuka, wavulana wakacheza banta, zile gololi za kioo, kwenye vumbi, na matrela yamejipanga kutoka mpakani hadi karibu na boma letu, madereva wamelala chini ya magurudumu, redio zao zinaongea Kiganda. Jioni kulikuwa na atap, ule ugali mweusi wa wimbi na muhogo, na mboga za kienyeji zilizotiwa simsim ya kusagwa. Mama alikuwa akisema, "Mwenye miguu michafu leo halali kwangu!" Nasi tunamwagia vidole maji kidogo, basi, tumeoga. Nani alikuwa na muda wa kuoga?

Shangazi Amoit, dada yake baba, alikuwa akikaanga muhogo kando ya foleni hiyo ya matrela. Siku moja tanboi, yule msaidizi wa dereva, wa trela la mbao alifunua turubai, akapiga ukemi na kuruka chini, akaacha kiatu kimoja kule juu. Katikati ya mbao alikuwa amejikunja chatu mchanga, mwembamba, mzuri ajabu, mgongo una madoa ya kahawia. Wanaume wakakimbilia mawe na marungu. Shangazi akaacha muhogo kwenye mafuta, akaja na gunia.

"Wacheni mtoto wa wenyewe! Amewakosea nini? Si amepanda tu gari bila kulipa?"

Akamtia guniani, akafunga kamba, akarudi kukuta muhogo umekuwa makaa. Nyoka tukamwita Tanboi, kwa sababu alisafiri juu ya trela na hakuna aliyejua kwao ni wapi.

Shangazi alimtengenezea sanduku la mbao lenye mlango wa waya, akaliweka nyuma ya jiko lake. Kila siku ya soko, watoto wa Malaba nzima walikuja kumtazama akila. Na mnajua kiingilio kilikuwa nini? Panya! Huna panya, huingii. Tuliwatega kwenye maghala, kwenye mashimo ya shamba la muhogo, chini ya vitanda vya bibi zetu. Utamwona mtoto amevaa sare safi kabisa, kopo mkononi, ndani ya kopo kuna kitu kinakwaruza. Shangazi anachungulia kopo moja moja kwa uso mkavu kama afisa wa forodha. "Huyu amekonda. Rudi ukatafute mwingine." Tanboi alikula mmoja tu, tena siyo kila soko, lakini panya wote walioletwa waliuawa, na mahindi ya watu yakapumua.

Hata Mama Nabwire, jirani yetu mfuga kuku, mwanamke aliyeogopa mpaka mjusi, alisema hadharani, "Nyoka ni nyoka, simpendi. Lakini huyu anafanya kazi." Mzee wa mtaa naye akakubali. Tanboi aliishi kwa kazi yake, na kazi yake ilikuwa kula panya. Lishikeni hilo, maana ndilo lililotaka kumuua.

Sasa, wimbi lilipoanza kukomaa, kware wakaja. Aii, kware! Babu yangu, baba yake shangazi, alikuwa mtegaji wa kware. Alikuwa na vikapu vidogo vya matete, kila kimoja na ndege wake wa kuimba, akavipanga kwenye mti mrefu uliosimamishwa ukingoni mwa shamba. Kulipokuwa kunapambazuka wale wa vikapuni wanaanza kuita, na wale wa porini wanaitika na kushuka kwenye nyasi, moja kwa moja ndani ya vitanzi vya singa za mkia wa ng'ombe. Kiongozi wao tulimwita Katekista, maana alianza kuimba kabla ya watu wote kuamka na hakuna aliyethubutu kumnyamazisha. Babu alimpenda huyo ndege kuliko sisi wajukuu, na hakuficha. "Ninyi mnakula tu," alituambia. "Katekista anakula na anafanya kazi."

Msimu ule kware walikuwa wengi mpaka tukachoka kuwachoma. Ndipo soko moja nikafika kwenye sanduku bila panya. Nilikuwa na kware mmoja wa babu, ameshakufa, nimemficha ndani ya sweta. Shangazi akaniangalia, akaangalia ndege, akainua mabega. "Haya, tujaribu."

Weee! Tanboi hakungoja. Alimrukia yule kware kwa nguvu iliyofanya sanduku zima litikisike, manyoya yakaruka, tukapiga mayowe mpaka madereva wakaja kuuliza nani amegongwa. Panya alikuwa anammeza polepole kama mzee anayekunywa uji. Kwa kware alikuwa na haraka! Kuanzia siku hiyo nani angeleta panya tena? Soko baada ya soko ni kware, na tuligombania nani atampa. Shangazi mwenyewe alifurahi kuliko sisi, alikuwa akipiga makofi na mikono ina unga.

Kisha wimbi likavunwa, na kware wakaenda zao.

Tukarudi kwenye makopo yetu. Nilimpelekea Tanboi panya mnene wa ghala, wa kumtamanisha paka yeyote. Akamtazama, akageuza kichwa ukutani. Soko lililofuata, vilevile. Tukajaribu panya mdogo, panya mweusi, panya wa shamba. Mheshimiwa hataki! Ngozi yake ikaanza kulegea ubavuni, na shangazi akaanza kuamka usiku kumchungulia kwa taa.

Mimi nikasema, "Shangazi, tumpe basi kifaranga."

Akanigeukia vibaya. "Akisa, usirudie hilo neno hapa. Siku huyu akionja kuku, amekufa."

Lakini maneno yalikuwa yameshatoka. Mama Nabwire alipoteza kuku wawili wiki hiyo, na ingawa sisi sote tulijua kuna kicheche upande wa mtoni, alikuja uani na leso kiunoni.

"Amoit! Nyoka wako ameacha panya, sivyo? Ameshajua ndege. Leo kware, kesho kuku wangu, kesho kutwa nini?"

"Mama, sanduku limefungwa, kuja uangalie."

"Siangalii kitu! Nitamwambia mzee wa mtaa."

Na kweli alimwambia. Mzee akaja, akasimama mbali na sanduku, akatoa amri: siku ya soko inayokuja, Tanboi ale panya mbele ya watu wote. Asipokula, vijana watakuja na marungu. Shangazi alikaa kwenye kigoda chake akalia, akipangusa macho kwa ile aproni yenye mafuta. Sikuwahi kumwona akilia, hata kwenye matanga. Na kware wa kwanza nilimleta mimi.

Asubuhi moja kabla ya soko hilo nilitumwa kusafisha vikapu vya babu, kazi ya kukwangua mavi ya ndege na manyoya mpaka pua inawasha. Nilipomaliza sikunawa, niliosha mikono lini mimi! Nikaenda moja kwa moja kumwona Tanboi. Niliposogeza kiganja karibu na waya, yule nyoka aliyekuwa amelala wiki nzima uso ukutani akainua kichwa. Ulimi ukatoka, ukarudi, ukatoka. Akateleza polepole mpaka mlangoni, macho kwenye vidole vyangu, kisha pwaa! akaipiga waya kwa pua. Nilianguka kwa matako.

"Shangazi! Shangazi! Anataka kunila!"

Shangazi akaja mbio na mwiko. Akanusa mkono wangu. Akanusa tena. Nikaona uso wake unafunguka.

"Huyu si mgonjwa," akasema. "Huyu anadanganyika na harufu ya kware! Akisa, kimbia kwa babu!"

Tatizo ni kwamba babu na Tanboi hawakuwa marafiki. Mzee alikuwa akimwambia binti yake kila jioni, "Ndege wangu wanaimba. Wako anaimba nini?" Vikapu nilikuwa nimeshavikwangua vyote, vimekauka juani. Ndege wengine babu alikuwa ameshawaachilia msimu ulipoisha, hivyo harufu iliyobaki ilikuwa ya Katekista mwenyewe, na Katekista hakushikwa na mtu. Nilimweleza babu huku nahema. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akarudi kumlisha Katekista wake. Nilirudi nikiwa nimekata tamaa.

Siku ya soko uwanja wa shangazi ulijaa. Wauza nyanya waliacha nyanya. Madereva walipanda juu ya matrela yao ili waone. Mama Nabwire alisimama mbele kabisa, mikono kifuani, na nyuma yake vijana na marungu, wengine wakiwa wale wale waliokuwa wakimletea panya. Shangazi alitoa panya koponi.

Mara watu wakapisha njia. Babu! Amevaa koti lake la kanisani, amebeba kikapu cha matete kwa mikono miwili kama padri anayebeba sakramenti. Hakumsalimia mtu. Alifungua kikapu, akamtoa Katekista, akamshika kifuani kwa upole, kisha akanyoosha mkono.

"Lete huyo panya."

Akampitisha yule panya chini ya mabawa ya ndege wake, huku na huku, tumboni, mgongoni, mpaka manyoya laini yakanata. Katekista alilalamika sauti moja, basi. Babu akamrudishia shangazi panya na kusema taratibu, "Mpe mtoto wako chakula, Amoit."

Shangazi akamning'iniza kwa kijiti. Ulimi wa Tanboi ukatoka, ukarudi. Halafu akaruka! Akamkamata, akamzungusha, akaanza kummeza kuanzia kichwani mpaka mkia ukabaki nje kidogo kama kamba ya kiatu, kisha nao ukaenda. Mama Nabwire ndiye aliyepasua kigelegele cha kwanza. "Mayoo! Amekula!" Madereva wakapiga honi foleni nzima, marungu yakatupwa, babu akabebwa juu na Katekista wake, na shangazi akanikumbatia na harufu yangu yote.

Tanboi aliishi. Tulipunguza harufu kidogo kidogo mpaka akawakubali panya bila kulazimishwa, na alipokua mkubwa kupita sanduku, shangazi alimwachilia kwenye mafunjo ya mtoni, akarudi nyumbani akalia tena.

Juzi mtoto wa kaka yangu, anayekaa Busia mjini, alinipigia simu. Naye ana nyoka, ndani ya kioo chenye taa yake. "Anti, huyu msee wangu amekataa kula. Nimempea panya wa friji, ananicheki tu. Nimeuliza kwa grupu, wananitumia vichekesho." Nikamwambia, kwa kicheko, atafute kware ampake panya. Akaniuliza: "Kware? Si ni yale mayai ya supamaketi? Na ndege yake iko?" Nikamwambia hata sisi hatuwaoni tena. Shamba la wimbi la babu siku hizi ni maegesho ya matrela, na alfajiri pale huimba injini.

Namhurumia huyo kijana, haki. Anahangaika peke yake chumbani na mnyama mwenye njaa, na wanaomsikiliza wanamcheka kwenye simu. Sisi tulikuwa soko zima. Tangu siku ile sijawahi tena kuona watu wengi hivyo wakishangilia kwa sababu tu kuna aliyepata kula.