Rubani Hodari Hapewi Likizo

Nimepaka rangi ndege arobaini na moja za kivita za Wajerumani, na maishani mwangu sijawahi kugombana na Mjerumani wala kupenda ndege. Zilikuwa za plastiki, za kuunganisha kwa gundi, kila moja ikienea juu ya sahani ya chakula. Mwenyewe alikuwa kafili wangu, yaani mwajiri aliyenidhamini, muuza vigae wa Riyadh, ambaye ujanani alitaka kuwa rubani akakataliwa kwa sababu ya macho. Uchungu wake akauhamishia kwenye vita vya Wazungu. Aliwajua marubani bingwa wa Ujerumani kama wengine wanavyowajua wachezaji wa timu yao: nani aliungulia angani, nani alitua bila magurudumu, nani aliangusha ndege zaidi ya mia tatu na bado akaona vita vikiisha. Watoto wake na wafanyakazi wengine wa nyumba walimwita baba. Mimi nilimwita bosi, maana baba nilikuwa naye, Nakuru, mgonjwa wa figo.

Sikuletwa Saudia kupaka rangi. Nililetwa kuwa dereva. Nilimpeleka madam, mke wa bosi, saluni, kwa mama yake, na kwenye maduka ya Olaya ambako nilimngoja ndani ya gari mpaka mgongo uote mizizi. Kisha wanawake wakaruhusiwa kuendesha. Watu walishangilia, na mimi nilishangilia, kwa mdomo. Madam akapata leseni, na asubuhi moja akanyoosha mkono nimpe funguo.

"Leo pumzika," akaniambia.

Hakuna neno la kumtisha dereva kama hilo. Nilikaa kwenye chumba changu kando ya geti nikisikiliza gari likitoka bila mimi. Nilikuwa sijamaliza hata mwaka. Niliogopa kurudishwa nyumbani, na hofu hiyo ndiyo iliyoniponza.

Alasiri moja bosi aliniita kwenye chumba cha ndege nimshikie bawa likauke. Yeye alikuwa anajaribu kuchora mistari myeupe kwenye mkia, pale kwenye usukani. Kila mstari, alinieleza, ni ndege moja ya adui iliyoangushwa. Lakini bosi alikuwa na sukari, na mikono yake ilitetemeka. Mistari yake ilikwenda upogo hata nikamwonea huruma. Nikamwomba brashi.

Baba yangu alikuwa fundi wa mabango. Hoteli, Kinyozi, Posho Mill, majina ya malori, nusu ya maandishi ya mtaa wetu yalikuwa ya mkono wake. Alinifundisha kupunguza nywele za brashi kwa wembe, kuegemeza kidole cha mwisho, kutoa pumzi kabla ya kuanza mstari na kutovuta nyingine mpaka uishe. "Vuta brashi," alikuwa akisema, "usisukume. Anayesukuma ana wasiwasi." Nilivuta mistari kumi na mmoja. Bosi akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Mashallah," akasema.

Nilifurahi kama mtoto aliyepewa andazi. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na ningekuwa na akili ya mgema ningelitia maji siku ileile. Mimi nilisifiwa nikazidisha utamu.

Kuanzia hapo gari lilikuwa la madam na mimi nilikuwa wa ndege. Nilijifunza kuzipiga madoadoa ya kijivu ubavuni, kuzitia rangi ya njano puani, kuzungusha mduara mweupe kwenye kofia ya rafadha, ile panga ya mbele inayozunguka. Bosi alininunulia taa yenye kioo cha kukuzia na kiti cha kuzunguka. Aliniita sadiki, yaani rafiki. Alama ya Wanazi ya mkiani, ule msalaba wenye ncha zilizokunjwa, pia niliichora, kwa kuwa niliagizwa. Baadaye nilisoma kwenye simu wenye alama ile waliwafanyia watu nini, nikamwuliza.

"Mafi siasa, hakuna siasa, sadiki," akajibu. "Hawa walikuwa wanaruka tu."

Nikarudi kwenye kiti changu. Watu wale wangenihesabu chini ya mbwa wao, na mimi nikawanyooshea mistari yao ya ushindi. Najichukia kwa hilo mpaka leo.

Miaka miwili ya mkataba ikaisha. Haki yangu ilikuwa likizo ya miezi miwili. Baba alikuwa ameanza kusafishwa damu kwa mashine, mara mbili kwa wiki, na kila nikipiga simu swali lake lilikuwa moja: "Unakuja lini?" Ruhusa ya kutoka nchini na kurudi ilikuwa ndani ya simu ya bosi. Ni kugusa tu. Nilipomwomba, alisema baada ya hizi sita. Nikamaliza sita. Akasema baada ya Ramadhani. Ramadhani ikapita, kikaja kisanduku kingine. Hakunikaripia hata siku moja. Laiti angenikaripia, ningejua nasimama wapi.

Ijumaa nilikuwa nakwenda mtaa wa Manfuha, kwa rafiki yangu mmoja Mkenya, mlinzi wa ofisi moja kule Olaya. Siku moja nilimkuta ameshika simu kama aliyeokota dhahabu.

"Buda, umeskia? Sheria imebadilika. Exit unajipea mwenyewe kwa simu. Kafili hakushikilii tena."

"Hata mimi?"

Akasoma, akashusha kidole, akasoma tena. Uso ukamwanguka.

"Aki pole. Wanasema house driver hayuko kwa hiyo list. Ikama yako ya ukaazi imeandikwa nini?"

"Dereva wa nyumba."

"Na hata huendeshi!"

Tulicheka, nami nilikuwa karibu kulia. Mageuzi ya kwanza yalininyang'anya usukani, na haya ya pili yakaniacha nje kwa sababu ya usukani huohuo.

Jioni ile nilimweleza baba kwa mara ya kwanza kazi niliyokuwa nafanya hasa.

"Kwani ulienda kuendesha ama kuchora?"

"Kuchora, baba. Mistari, kwa ndege ndogo."

"Inanyooka?"

"Inanyooka."

Nilisikia anavyohema. "Basi mwambie huyo mtu mwalimu wako anataka kukuona. Mwambie nimesema nataka kukuona nikiwa bado naona."

Nilimwambia bosi, neno kwa neno. Aliguswa, nilimwona. Akanishika mkono. "Inshallah, sadiki. Baada ya Jeddah."

Jeddah kulikuwa na maonyesho ya watu wenye mambo kama yake. Siku hizo kila mji ulikuwa na tamasha lake. Tulisafiri kutwa nzima, ndege zimelazwa kwenye sponji nyuma ya gari, nami ndiye niliyeendesha, kwani madam hakuwa na haja na safari ile. Tulifikia mtaa wa Al-Nuzha kwa dada yake bosi, nikapewa godoro kwenye chumba cha dereva wao. Asubuhi yake nilipanga ndege thelathini na nane mezani, nikasimama nyuma nikiwa na kitambaa cha vumbi.

Watu walifurika, wake kwa waume, muziki juu. Mzee mmoja akainamia mkia mmoja uliojaa mistari toka juu mpaka chini. Akauliza iweje Wajerumani wawe na marubani wenye ushindi mwingi hivi, na wengine wasiwe nao.

Bosi alilingojea swali hilo maisha yake yote. "Wamarekani," akasema, "rubani akimaliza zamu yake, walimrudisha nyumbani apumzike, afundishe wengine. Wajerumani, mafi. Aliyekuwa hodari hakuachiwa. Aliruka mpaka vita viishe, au aishe yeye. Ndiyo sababu mistari ni mingi." Akageuka, macho yanang'aa, akaniwekea mkono begani. "Na huyu ndiye mkono wangu. Riyadh nzima hakuna kama yeye."

Mzee akanipongeza. Mimi nilibaki nimeshika kitambaa. Alikuwa amenieleza maisha yangu mbele ya watu, kwa fahari, na hakusikia alichosema.

Ilikuwa alasiri ya siku hiyohiyo dada yangu alipopiga simu. Nilitoka ukumbini nikapokea nimeegemea ukuta. Baba alikuwa amekufa asubuhi, hospitalini, kwenye foleni ya mashine. Zamu yake ilikuwa ya tatu.

Nilirudi nikamwambia bosi. Machozi yalimtoka, ya kweli, nami siwezi kumsingizia. Akasema sisi sote ni wa Mungu, akatoa simu. Akakosea mara ya kwanza. Mara ya pili ikakubali.

"Halas, tayari," akasema. "Nenda."

Ilichukua muda mfupi kuliko mstari mmoja.

Nilifika Nakuru nikiwa na siku nne za kungoja mazishi. Msalaba ulikuwa umeshaandikwa na fundi mwingine. Herufi zilipanda mlima na jina la ukoo lilibanwa pembeni kwa kukosa nafasi. Baba angezifuta zote aanze upya. Niliomba nami nizifute, wazee wakasema si vizuri. Siku ya tatu baada ya kuzika, bosi akaniandikia: pole nyingi, na picha ya kisanduku kipya, na chini yake, "Utarudi lini?"

Nilirudi, na brashi za baba begini. Msiniulize kwa nini kana kwamba ni fumbo. Nyumbani pia kila mtu aliniuliza narudi lini, na hakuna aliyeniuliza kama nataka kukaa.

Ndege ya kwanza ilikuwa yake yule bingwa wa bosi, yule wa zaidi ya mia tatu. Nilikaa kwenye kiti cha kuzunguka, nikawasha taa. Nikavuta pumzi pale pa kuitoa. Nikainua kidole cha mwisho. Nikasukuma. Mstari ukaenda upogo, na wa pili ukaufuata.

Bosi akaikagua kwa miwani. "Umechoka," akasema kwa upole. Ndege ya pili ikawa mbaya zaidi. Ya tatu aliifuta mwenyewe kwa dawa. Hakuniita tena sadiki. Kisha madam akakumbusha mezani kwamba nyumba ile haina haja ya dereva, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyembishia. Ruhusa ya kuondoka moja kwa moja ikatoka bila mimi kuomba.

Kwa mistari iliyonyooka niliomba miezi miwili, nikaiomba miaka miwili, sikupewa. Kwa mistari iliyopinda niliachiwa kwa wiki tano. Nikashuka Nakuru na begi langu, brashi za baba zikiwa ndani, na hapakuwa na mtu aliyebaki wa kuniuliza nakuja lini.