Koti Linalokataa Maji

Muuza makoti ya mlimani pale Themi haamini maneno, anaamini vidole vyake. Huvichovya kwenye kikombe cha maji na kunyunyizia bega la koti. Matone yanadunda, yanajiviringa kama shanga, yanaanguka bila kuacha alama. "Umeona? Linayakataa lenyewe," husema, kisha hufuta vidole kwenye suruali yake. Jana mpagazi wa Mlima Meru alikuwa ameshavaa moja, anatafuta pesa mfukoni, mvua ikashuka. Muuzaji akamvua koti haraka, akalifunika kwa nailoni. "Samahani kaka, likilowa litaharibika." Kisha akachuma jani la gimbi mtaroni, akajikinga kichwa. Mpagazi akayatazama matone yakiteleza juu ya jani. "Na hilo," akauliza, "unauzaje?"