Wiki ya Mrefu Kwenye Kambi ya Mawimbi

Shangazi yangu ni mkunja shuka. Kazi hiyo ukiisikia unaweza kucheka, lakini shuka ya kitanda cha watu wawili haikunjwi na mtu mmoja ikakaa sawa. Mmoja anashika huku, mwingine kule, wanaivuta mpaka inalia, kisha wanaendeana kama wanaotaka kusalimiana, pembe kwa pembe. Kwenye kiwanda cha kufua wanamwita Kona, kwa vile pembe za shuka zake hata ukizipima hukuti kosa. Mwenzake ni mama mmoja anayeitwa Mrefu, na ni mrefu kweli. Wamekunja pamoja miaka kumi na moja. Hawasemezani habari za kazi. Wanasengenya tu, mikono inajiendea.

Mara mbili kwa wiki dereva huleta shuka za kambi iliyoko ufukweni, wanakokwenda watu kujifunza kupanda ubao na kuteleza juu ya mawimbi. Shuka hizo huja na mchanga. Shangazi huzikung'uta akisema, "Watu wana raha zao, sisi tunaokota makombo." Ufukweni kwenyewe hajawahi kufika, ingawa basi la asubuhi hufika huko kabla ya adhuhuri.

Mwaka huu mwenye kambi akaona awashukuru wafuaji. Akatoa nafasi moja: wiki nzima, chumba, chakula, ubao, mwalimu, kila kitu kimeshalipiwa. Wafanyakazi wakaandika alama zao kwenye vibanio vya nguo, vikatiwa ndooni, dereva akafumba macho akachomoa kimoja. Kilikuwa cha Mrefu.

Shangazi alimpongeza. Alimkumbatia hata. Lakini alipofika nyumbani alivua viatu akaviacha katikati ya chumba, akakaa kitandani.

"Mimi nilikuwa wa kwanza kukitia changu," akasema. "Vingine vyote vikakilalia. Na yule nani alimwingiza kazini? Nani alimfundisha kushika pembe? Alikuja pale anashika shuka kama anashika paka."

Siku tatu jina la Mrefu halikutajwa kwetu. Ilikuwa "yule". Yule leo kaja na miwani ya jua, anaivaa humo humo kiwandani. Yule kamuuliza dereva kama maji ni ya baridi. Ijumaa shangazi alitandika kitanda chetu, akakitandua, akakitandika tena, na mimi nikakaa pembeni nikijua hapo hapasemwi neno.

Jumapili mchana Mrefu akaja na fomu. Kambi ilitaka ijazwe na kurudishwa ofisini Jumatatu, na asipokwenda yeye, dereva atachomoa kibanio kingine. Juu yake imeandikwa: Je, wiki hii inakufaa? Mrefu akakaa kwenye stuli yetu ndogo, magoti karibu yaguse kidevu.

"Kona, mimi nimeshindwa kuamua," akasema. "Wewe unanijua kuliko ninavyojijua. Utakalosema ndilo."

Maandishi yalikuwa madogo, macho yao hayayawezi, wakanipa mimi. Shule niliacha darasa la nne, nasoma kwa kidole, lakini nasoma.

"Mawimbi mazuri ni ya alfajiri. Uko tayari kuamka saa kumi na moja?"

"Huyu?" shangazi akasema. "Huyu hata kengele ya zamu huisikia ikilia mara ya pili."

Mrefu akacheka.

"Utalala chumba kimoja na wageni watatu."

"Watahama wote. Unakoroma, shoga yangu. Nakwambia kwa sababu nakupenda."

"Mimi nakoroma?"

"Kama mashine ya kukamua. Endelea, mwanangu."

"Utavaa vazi la mpira linalobana mwili mzima."

Shangazi alimwangalia Mrefu kuanzia kichwani mpaka miguuni, na hakuwa na haraka. "Hilo nakuachia ulifikirie mwenyewe," akasema.

"Siku mbili za kwanza utaanguka zaidi ya utakavyosimama."

"Haya sasa. Mtu mfupi akianguka, kajikwaa. Wewe ukianguka ni mti."

Hiyo ya mti Mrefu aliicheka, ila kicheko kilikatika mapema. Nilikuwa nawatazama wote wawili. Shangazi hakusema uongo hata mmoja, na hilo ndilo lililonitisha. Kila neno lilikuwa kweli na kila neno lilikuwa na meno. Ningeweza kusema kitu, maana pale mwishoni mwa ukurasa waliandika kwamba wanaotaka kupumzika tu nao wanakaribishwa. Sikuusoma mstari huo kwa sauti. Na mimi nilikuwa namwonea gere.

"Lakini kuogelea naogelea," Mrefu akasema polepole. "Tangu mtoto, mtoni kwetu."

"Mto na bahari si ndugu."

"Si ndugu, kweli." Akaikunja fomu, akaikunjua. "Ila hata huo ubao sikuufuata sana, Kona. Nilitaka tu wiki moja mtu mwingine anitandikie shuka."

Shangazi akageukia ukuta. Mrefu akangoja. Kisha akasimama.

"Basi nimesikia. Hainifai. Kesho wewe utawahi kufika, ipeleke ofisini, waambie siendi."

Akainama kupita mlangoni, akaenda zake.

Hatua zake ziliposikika mbali, shangazi akafunga mlango. "Sasa isome tena," akasema. "Soma kama mwenye fomu ni mimi."

Nikasoma. Kuamka alfajiri? Anaamka. Kulala na wageni? Hana neno, ni watu kama watu wengine. Kuanguka? Kila mtu huanguka. Kuogelea? Shangazi hata anapofua nyumbani hapendi maji yapande juu ya kifundo cha mguu.

"Pita hilo," akasema. "Kuna lingine?"

Nikageuza karatasi. Nyuma swali moja lilikuwa limeshajibiwa kwa penseli, kwa herufi kubwa za Mrefu zinazolala upande. Swali linasema: Ukipatwa na jambo, tumwite nani? Mrefu ana mume, ana watoto wawili wakubwa. Yeye aliandika: Kona, ndugu yangu wa kukunja naye. Chini yake, namba ya simu ya shangazi.

"Soma tena," shangazi akasema.

Nikasoma tena.

"Mbona mume anaye."

"Anaye," nikasema.

Akaichukua karatasi mkononi mwangu, akakaa nayo. Kisha akatafuta viatu vyake.

Mrefu anakaa mtaa wa pili. Tulimkuta kizingitini akimenya viazi, sufuria kati ya miguu. Shangazi hakukaa.

"Nilichokupa si ushauri," akasema. "Ni kijicho."

"Najua," Mrefu akasema, kisu hakikusimama.

"Unajua?"

"Tangu Alhamisi unavuta shuka kama unataka kuning'oa mabega. Nisijue?"

"Mbona ukakubali, basi?"

"Nilitaka kuona utaniacha nifike wapi."

Mimi nikaangalia maganda ya viazi.

"Haya," Mrefu akasema, na sasa kisu kikatulia. "Nakuuliza mara ya pili. Inanifaa au hainifai?"

"Inakufaa," shangazi akasema. "Maji unayajua. Ukichekwa unacheka nao. Na mgongo wako nausikia ukilia kila tukiinama. Ingekuwa haikufai mimi ningelala usingizi."

Mrefu akafuta mikono kwenye gauni, akaomba kalamu, akatia alama mwenyewe. Nilimwonyesha ule mstari wa wanaotaka kupumzika. Akaniangalia kidogo, hakuuliza kwa nini sikuusoma mwanzo.

Usidhani roho ya shangazi ilipoa. Wiki hiyo yote alikula nusu sahani, na mara mbili nilimkuta ameshika kibanio cha nguo, anakifungua na kukifunga bila kubana kitu. Jumamosi tulimsindikiza Mrefu kituoni. Shangazi ndiye aliyebeba begi, na hakutaka kupokelewa. Mrefu alipopanda na kukaa dirishani, shangazi akasogea karibu na kioo.

"Ukifurahi sana usinieleze yote," akasema.

"Nitakueleza nusu."

"Nusu ile mbaya."